Lambo Linalotakiwa Kukaa Tupu: Malambo ya Udongo ya Bonde la Washita

Lambo la kuzuia mafuriko ni tuta la udongo linalokinga korongo au kijito ili maji ya mvua kubwa yasishuke yote kwa mkupuo. Kwa sura halitofautiani sana na lambo la kunyweshea mifugo au la umwagiliaji, lakini kazi yake ni kinyume kabisa. Lambo la mifugo lina thamani likijaa. Lambo la mafuriko lina thamani ya nafasi iliyo wazi ndani yake siku mvua inapoanza, na likikutwa limejaa halimkingi mtu yeyote. Mahali pamoja ambapo jambo hili limefanyiwa kazi kwa miaka mingi ni bonde la mto Washita, katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Huko, karibu na mji wa Cordell, lambo la kwanza la mpango wa serikali lilikamilika Julai 1948 kwenye kijito cha Cloud Creek. Leo malambo ya aina hiyo nchini Marekani yamezidi 11,000, na zaidi ya 2,000 kati yake yako Oklahoma.

Chanzo kilikuwa msiba. Mwanzoni mwa Aprili 1934 mvua kubwa ilinyesha usiku sehemu ya juu ya Washita, na mafuriko yakaua watu 17 katika eneo la Hammon. Mwaka 1944 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya udhibiti wa mafuriko na kuliweka bonde la Washita kati ya mabonde 11 ya kuanzia. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuyashika maji huko juu, kwenye vijito, kwa malambo mengi madogo. Wakulima wengi walitoa haki ya kutumia ardhi yao bila malipo. Kwenye kijito cha Sandstone, bonde dogo zima lilikuwa limekingwa kwa namna hiyo kufikia mwaka 1952.

Wahandisi wa mabwawa makubwa walibisha, na hoja yao haikuwa tupu: mvua ikitanda jimbo zima, malambo ya vijitoni hayaukingi mji ulio mbali chini ya mto mkuu. Lakini bwawa kubwa la mto mkuu nalo halimfai mkulima ambaye shamba lake liko juu yake, na mashamba mengi ya bondeni yako huko. Kila moja lina mahali pake.

Hesabu ya kazi yenyewe ni nyepesi. Chukua eneo la kilomita za mraba 10 linalomwaga maji yake kwenye kijito kimoja. Mvua ikinyesha na milimita 50 zikatiririka juu ya ardhi bila kunywewa na udongo, yamepatikana maji mita za ujazo 500,000. Yakishuka kwa saa tatu, kijito kinapitisha wastani wa mita za ujazo 46 kwa sekunde, na kilele chake ni zaidi ya hapo; daraja la kijijini halistahimili. Maji hayo hayo yakizuiwa na kuachiwa kwa siku tano, yanatoka kwa mita ya ujazo moja na kidogo kwa sekunde, na kijito hakivuki kingo zake. Hakuna hata tone lililopotea. Kilichobadilika ni muda tu.

Ili muda huo upatikane, lambo hugawanywa kwa kina. Sehemu ya chini kabisa imetengwa kwa ajili ya tope na mchanga unaoletwa na maji; wajenzi wengi wa Oklahoma walikadiria itachukua miaka 50 kujaa. Kwa kawaida sehemu hiyo huwa na maji, ndiyo maana mpita njia hudhani ameona bwawa la samaki. Juu yake kuna nafasi ya mafuriko, ambayo siku za kawaida ni majani makavu. Mahali sehemu hizi mbili zinapokutana ndipo ulipo mdomo wa mnara wa zege uliosimama ndani ya lambo. Maji yakiufikia huingia yenyewe, hushuka ndani ya mnara na kutokea upande wa pili kwa bomba lililopita chini ya tuta.

Mdomo huo hauna lango wala gurudumu la kufungulia, na huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika usanifu huu. Mvua ya mafuriko huja usiku, barabara hukatika, simu hazishiki. Lambo linalomtegemea mtu afike kulifungua litamkosa usiku huo huo anaohitajika. Upana wa bomba ndio unaopanga kasi ya kutoka, na kanuni ya wasanifu wa Marekani ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi ya mafuriko iwe imekwisha kumwagika ndani ya siku 10, ili mvua ya pili isilikute lambo lingali limejaa.

Ikija mvua inayozidi nafasi hiyo, kuna utoro. Huu ni mfereji mpana na wa kina kifupi, uliochongwa pembeni mwa tuta kwenye ardhi ya asili, na sakafu yake iko chini ya kilele cha tuta. Maji yasipite kamwe juu ya tuta lenyewe, kwa sababu udongo ulioshindiliwa huliwa upesi na maji yanayokimbia mteremkoni. Utoro wa malambo haya haukupigwa zege. Ulipandwa nyasi, mara nyingi ukoka, ule ule unaotambaa kwenye viwanja vya Afrika Mashariki. Maabara ya maji ya Wizara ya Kilimo iliyoko Stillwater, Oklahoma, ilipitisha maji ya kasi juu ya mifereji ya nyasi mwaka baada ya mwaka na kuonyesha kwamba majani hulala chini kama mkeka, huku mizizi ikiushika udongo. Kinachouangusha utoro ni dosari ndogo: njia iliyochimbwa na kwato za ng'ombe, mti uliosimama peke yake, kipara kilichokosa nyasi. Hapo maji huchimba kijigenge, na kijigenge hicho hurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea lambo. Kikilifikia, lambo lote humwagika kupitia hapo.

Adui mwingine haonekani kwa nje. Maji hupenya ndani ya tuta, na hilo si kosa. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo. Kosa ni maji kutoka na chembe za udongo. Kwa miaka kadhaa baadhi ya malambo mapya ya Oklahoma na Mississippi yalitoboka mara tu yalipojaa kwa mara ya kwanza, ingawa yalijengwa kwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa vizuri. Uchunguzi uliochapishwa mapema miaka ya 1970 ulionyesha kwamba baadhi ya mifinyanzi yenye sodiamu nyingi husambaratika ndani ya maji yaliyotulia. Kipimo cha awali anaweza kukifanya yeyote: bonge dogo la udongo linatiwa ndani ya glasi ya maji safi na kuachwa bila kutikiswa. Udongo salama hulala chini na maji hubaki maangavu. Udongo wa hatari hutoa wingu linalosambaa kutoka pembeni mwa bonge hadi maji yote yawe kama maziwa, na wingu hilo halitui. Udongo wa namna hiyo hutibiwa kwa chokaa au jasi, la sivyo hauwekwi mahali maji yanapoweza kupita.

Bomba la chini ya tuta ndilo mahali pa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa udongo haushindiliki vizuri ubavuni mwake. Wajenzi wa kwanza walilivisha kola za zege, wakidhani zitayazuia maji yanayofuata ukuta wa bomba. Hazikutosha, na pia ziliziba njia ya mashine za kushindilia. Kuanzia miaka ya 1980 mahali pake palichukuliwa na ukanda wa mchanga uliochaguliwa kwa ukubwa wa chembe, unaolizunguka bomba upande wa chini wa tuta. Mchanga huo huacha maji yapite na kuzikamata chembe za udongo, na tundu lililoanza huziba lenyewe. Kwa gharama yake ndogo, hakuna nyongeza nyingine iliyoongeza usalama wa malambo madogo kiasi hicho.

Tuta lisilokuwa na mambo haya linajulikana linavyokufa. Bwawa la Kelly Barnes, karibu na Toccoa katika jimbo la Georgia, lilikuwa tuta la udongo la mita 12 hivi, lililoinuliwa kwa awamu juu ya ukuta wa zamani kwa ajili ya umeme na likaachwa bila kazi hiyo tangu 1957. Lilikuwa limejaa maji, mteremko wake wa chini ulikuwa mkali na umeota miti. Baada ya siku kadhaa za mvua lilibomoka saa 7:30 usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 na kuua watu 39 wa chuo cha Biblia kilichokuwa chini yake. Wachunguzi hawakupata sababu moja. Waliona uwezekano wa mteremko kuporomoka pamoja na mmomonyoko wa ndani. Rais Jimmy Carter aliagiza ukaguzi, na kati ya mabwawa karibu 9,000 yaliyokaguliwa kwa miaka minne, takriban theluthi moja hayakuwa salama. Nchini Kenya, bwawa la udongo la umwagiliaji la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 katikati ya mvua za masika na kuua zaidi ya watu 40. Yote mawili yalikuwa mabwawa ya kuweka maji, na watu walilala chini yake.

Hilo la watu kulala chini yake limeyafikia hata malambo ya Washita. Mengi yalijengwa wakati chini yake kulikuwa na ngano na malisho tu, kwa hiyo utoro wake ulikadiriwa kwa hasara ya mazao. Kinga ilipofanya bonde liwe kavu, watu walijenga nyumba humo. Lambo halikubadilika hata kidogo, lakini daraja lake la hatari lilipanda, na kwa daraja hilo jipya utoro ni mwembamba na tuta ni fupi. Wakati huo huo miaka 50 ya tope ilikuwa inakwisha na mabomba ya chuma yalikuwa yanaliwa na kutu. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyakarabati: kuinua tuta, kupanua utoro, kubadilisha mnara na bomba, na mahali isipowezekana, kulibomoa lambo kwa utaratibu. Ukataji nyasi, uondoaji wa miti na ukaguzi vimebaki mikononi mwa wilaya za hifadhi ya ardhi, zinazoongozwa kwa sehemu kubwa na wenyeji wa bonde lenyewe.