Bila Kreni: Jinsi ya Kupanga Jaribio la Kusimamisha Jiwe Kubwa

Mwaka 1901 jiwe namba 56 la Stonehenge, duara la mawe ya kale kusini mwa Uingereza, lilikuwa limeinama vibaya, na William Gowland akapewa kazi ya kulinyoosha. Kwanza alichimba kitakoni pake na kuuchekecha udongo. Humo alikuta nyundo za mawe zilizotumiwa na wajenzi wenyewe.

Huko chini ndiko mpango wa jaribio lolote unakopaswa kuanzia. Mashimo ya Stonehenge yana alama zinazosema mengi: upande mmoja umechimbwa kwa mteremko, na ukuta unaoukabili ulipangwa vigingi vya mbao ili kitako cha jiwe kisiuparuze na kuumomonyoa. Maana yake jiwe liliingia kupitia mteremko, kitako mbele. Kwa hiyo jaribio makini halimalizwi jiwe linaposimama. Shimo lake nalo lichimbuliwe, lipimwe, lilinganishwe na yale ya kale. Alama zikitofautiana, mbinu hiyo imeonyesha nguvu za watu wa leo tu.

Mwaka 1994 mhandisi Mark Whitby na mwanaakiolojia Julian Richards walijaribu kusimamisha jiwe mbele ya kamera za BBC, kwa nakala ya zege ya tani 40. Watu wapatao 130 waliivuta kwa kamba juu ya reli za mbao zilizopakwa mafuta ya wanyama, ikapanda mteremko. Kisha ikaja hatua ya kusisimua zaidi. Nakala ililazwa kitako kikielekea shimoni, na juu yake ukawekwa mzigo wa mawe. Mzigo ulipovutwa kuelekea upande wa kitako, uzito ulihama, ukavuka ukingo, na jiwe likapinduka lenyewe na kutumbukia. Lilikuwa bado limelala kidogo. Pembe iliyobaki ilimalizwa kwa kamba zilizopitishwa juu ya fremu ya mbao yenye umbo la herufi A. Bila kimo cha fremu hiyo, sehemu kubwa ya nguvu ya wavutaji ingelikandamiza jiwe ardhini badala ya kulinyanyua.

Njia ya Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, ilikuwa nyingine kabisa. Katika msafara wa mtafiti Thor Heyerdahl wa 1955 hadi 1956, meya wa kisiwa, Pedro Atan, aliongoza watu wachache kusimamisha sanamu ya tani zaidi ya 20 huko Anakena. Wenzake walibana nguzo chini ya sanamu na kuning'inia kwenye ncha zake. Sanamu ilipoinuka kidogo sana, yeye, akiwa amelala kifudifudi, alisukuma vijiwe chini ya uso wa sanamu. Nguzo zikaachiliwa, zikabanwa tena. Rundo la mawe lilikua chini ya sanamu, na baada ya siku 18 ilisimama.

Anayepanga jaribio jipya achague kati ya njia hizi kwa kuangalia ardhi inaunga mkono ipi, kisha akae na swali la kamba, ambalo wengi hulipita haraka mno. Nailoni ya dukani haijibu chochote. Kamba za nyuzi za magome zijaribiwe kwanza kwa mizigo midogo, zikiwa kavu na zikiwa zimelowa, kwa sababu uimara wake ndio utakaoamua watu wangapi wanaweza kuvuta kwa mpigo mmoja.