Msafiri Mkimya Katika Mji wa Ngome: Usemi na Kimya Katika Our Sister Killjoy ya Ama Ata Aidoo

Utangulizi

Safari ya kijana anayekwenda kuizuru miji ya kale ya Ulaya imekuwa na nafasi yake maalumu katika fasihi ya bara hilo. Tangu karne ya 17, vijana wa tabaka la makabaila nchini Uingereza walipelekwa Paris, Venice, Florence na Rome ili wakamilishe elimu yao mbele ya makanisa, sanamu na magofu. Goethe naye alisafiri Italia kuanzia 1786 hadi 1788 akilificha jina lake, na kitabu alichokitoa baadaye juu ya safari hiyo ni habari za nafsi inayojijenga sawa na zilivyo habari za miji. Katika mapokeo haya msafiri hadaiwi maneno mengi. Husimama mbele ya jiwe la kale, akanyamaza, na jiwe likamfunza. Kimya chake ni cha mjukuu aliyeketi ukumbini kwa babu zake.

Je, kimya hicho huwa na maana gani pale ambapo msafiri ni msichana wa Kiafrika, naye mawe anayoyatazama si ya babu zake? Swali hili ndilo linaloyaongoza makala haya. Tutalijibu kwa kuichunguza riwaya ya Ama Ata Aidoo (1942–2023), Our Sister Killjoy, iliyochapishwa mwaka 1977, ambayo jina lake dogo linataja tafakuri za jicho jeusi lenye makengeza. Mhusika mkuu, Sissie, ni kijana wa Ghana anayepelekwa Ujerumani pamoja na vijana wengine wa kujitolea. Anakaa katika mji mdogo wa Bavaria, ndani ya ngome ya kale iliyogeuzwa bweni la vijana; kisha anapita London, na hatimaye anarudi nyumbani.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama kazi ya ghadhabu, na kama jibu kwa Heart of Darkness ya Conrad: safari imegeuzwa, na sasa ni Mwafrika anayeingia gizani. Usomaji huo una haki yake. Kasoro yake ni kwamba humsikia Sissie akipaza sauti mahali ambapo, kwa hakika, hakufungua kinywa. Tunadai kwamba Sissie wa Bavaria ni msafiri mkimya, na kwamba riwaya imejengwa juu ya tofauti kati ya yale anayoyawaza na yale anayoyasema. Tunadai pia kwamba kimya hicho kina gharama, na kwamba Aidoo hakuificha gharama hiyo.

Yale Yasiyosemwa Katika Habari za Safari

Kwa msomaji wa Kiswahili, suala la msafiri anayeona mengi na kusema machache si geni. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Humo tunampata Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyekwenda Berlin mwaka 1891 kufundisha Kiswahili; tunampata pia Salim bin Abakari, aliyefuatana na Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Maandishi haya ni hazina. Hata hivyo hatuna budi kukumbuka mazingira yaliyoyazaa: msimulizi alikuwa mwajiriwa wa Wajerumani, na habari zake zilikusudiwa kuwafaa Wajerumani waliokuwa wakijifunza Kiswahili. Katika hali hiyo msafiri husimulia kilichoonekana. Alichokiwaza moyoni juu ya wenyeji wake, hasa kama kilikuwa kichungu, hakikuwa na pa kuandikwa.

Riwaya ya Kiafrika ilipozuka ilijaribu kukipatia mahali kile kilichonyamaziwa. Samba Diallo, katika L'Aventure ambiguë ya Cheikh Hamidou Kane (1961), ni kijana mwenye kujifungia nafsini. Paris kwake ni mahali pa kufikiri zaidi kuliko pa kutembea. Lakini mawazo ya Samba Diallo yanamtenga na dunia, naye anakufa mara tu baada ya kurejea kwao. Aidoo anaichukua hali iyo hiyo ya kujifungia na kuipa umbo jingine. Anachanganya nathari na mashairi huru katika ukurasa mmoja. Nathari hubeba vitendo na mazungumzo. Mashairi, kwa sehemu kubwa, hubeba yale ambayo Sissie angeyasema kama angesema. Kurasa za mwanzo zina mistari michache tu, na nafasi iliyobaki imeachwa tupu. Msomaji anafunzwa mapema kwamba katika kitabu hiki kutosema nako kuna maana.

Inaweza kupingwa kwamba sauti ya mashairi hayo ni ya msimulizi, wala si ya Sissie. Ni kweli kwamba msimulizi anajua mambo ambayo kijana huyu asingeyajua wakati ule. Hata hivyo mpaka kati ya sauti hizo mbili umelegezwa kwa makusudi. Msimulizi humwita Sissie dada yetu, naye hutazama kwa jicho lile lile lenye makengeza. Tunachokisoma ni fikira za msafiri zilizokomaa baada ya safari na kurudishwa mahali zilipoanzia. Kwa vyovyote vile, walioko mbele ya Sissie hawazisikii. Hilo ndilo lenye uzito kwa hoja yetu.

Ndege na Stesheni

Mfano wa kwanza unatokea hata kabla Sissie hajafika Ulaya. Ndani ya ndege mhudumu anamwalika akaketi nyuma pamoja na rafiki zake. Rafiki hao ni Wanigeria wawili ambao Sissie hajapata kuwaona. Anaelewa mara moja maana ya mwaliko huo: abiria weusi wanakusanywa mahali pamoja. Anaelewa, na anakwenda. Anafikiri kwamba kukataa kungezua hali ya aibu. Anapofika huko nyuma anawapenda wenzake wapya na safari inakuwa ya furaha. Kinaya hicho hakifuti tendo lenyewe. Tunachokiona ni adabu ya mgeni inayomziba kinywa.

Mfano wa pili uko katika stesheni ya Frankfurt. Mama mmoja anamwonyesha mtoto wake msichana mweusi, na Sissie anatambua kwamba anayetajwa ni yeye. Kwa mara ya kwanza anaanza kuzitazama rangi za ngozi zilizomzunguka, na wazo linalomjia juu ya ngozi za wenyeji si la heshima. Hapa pia hasemi lolote. La muhimu zaidi ni kwamba riwaya haimshangilii kwa wazo lile. Tunaelezwa kwamba atajuta maishani mwake kwa kuwa alifikishwa mahali pa kuziona tofauti hizo. Kimya cha Sissie hakimlindi na ubaya wa kile anachokinyamazia, kinauingiza ndani.

Ngome Kama Andiko

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema. Vijana wa kujitolea hawacheleweshwi: wanapelekwa kuitunza miche ya misonobari. Lakini kazi ya Sissie iliyo ngumu zaidi anaifanya peke yake, nayo ni kuisoma ngome. Watalii huona katika majengo ya namna hii uzuri wa kale: kuta nene, mto unaozunguka chini, mandhari ya kufaa picha. Sissie, akiwa amesimama kwenye ukuta huo, anamfikiria bwana wa ngome na mabikira wa vijijini waliolazimika kupitia kitandani mwake usiku wa harusi zao. Katika shairi lake la kimoyomoyo jengo linageuka kuwa ushahidi wa mashtaka.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuitafuta dhuluma kila mahali. Sisi tunaona kinyume chake. Wanawake anaowafikiria Sissie si Waafrika. Ni wakulima wa Kijerumani wa zamani, bibi zao hao hao wanaomshangaa barabarani. Kwa kunyamaza na kutazama, msafiri huyu amegundua kwamba Ulaya nayo ina waliodhulumiwa ambao historia ya utalii haiwataji. Huo ni ugunduzi wa kiitikadi wa hali ya juu. Na ni katika hatua hii hasa ambapo kimya chake kinaanza kuwa tatizo, kwa sababu mmoja wa wajukuu wa wanawake hao amesimama karibu naye na anataka kuzungumza.

Marija na Gharama ya Kimya

Marija Sommer ni mke kijana. Mumewe, Adolf, hushinda kiwandani, na mtoto wake wa kiume pia anaitwa Adolf. Anamwendea Sissie akimdhania kuwa Mhindi. Kuanzia hapo anamkaribisha nyumbani jioni baada ya jioni, na kumpa matunda ya plamu kwa wingi. Wanazungumza Kiingereza, lugha isiyo ya mama kwa yeyote kati yao, na mazungumzo yao ni mafupi na yenye kukwama. Pembeni mwa mazungumzo hayo fikira za Sissie zinakimbia: juu ya jina Adolf, juu ya vita, juu ya makoloni. Marija anapoisifu München, jiji anaLoliona kuwa la kwao na zuri kupita yote, kinachomjia Sissie ni Adolf wa kwanza na ghasia zake katika mabaa ya jiji hilo. Tunajua kutoka katika historia kwamba jaribio la Hitler la kutwaa madaraka lilianzia katika ukumbi wa bia huko München mwaka 1923. Fikira za Sissie basi si za uzushi. Ila Marija hapewi nafasi ya kuzijibu.

Ikumbukwe kwamba Marija, kwa umri wake, alikuwa mtoto tu wakati wa vita. Jina la mumewe na la mwanawe linabeba uzito ambao yeye hakuuchagua. Angeulizwa, labda angekuwa na la kusema; labda angenyamaza. Riwaya haitupi fursa ya kujua, kwa kuwa Sissie haulizi. Anamsoma Marija kama alivyoisoma ngome.

Usiku mmoja Marija anamgusa Sissie kwa namna isiyo ya kirafiki tu, na Sissie anajitoa kwa ghafla. Wahakiki wamebishana sana juu ya tukio hili. Sisi tunataka kulisisitiza jambo moja. Marija analia, na Sissie, akilitazama chozi, anaufahamu upweke. Anauona upweke huo kama sehemu ya historia ya Ulaya: watu waliojenga ngome, wakavuka bahari na kutawala wengine, nao wenyewe wamebaki baridi. Ni fikra pana na ya kusisimua. Lakini mwanamke anayelia hafarijiwi na fikra asiyoisikia.

Baadaye Sissie anamwarifu Marija kwamba anaondoka, na kwamba hatahudhuria mlo alioandaliwa. Anaona jinsi mwenzake anavyoumia, na anagundua kwamba yeye mwenyewe anaona raha. Hiki ndicho kilele cha sehemu hii ya riwaya. Msafiri aliyemshtaki kimoyomoyo bwana wa ngome kwa kuwatumia wanyonge anaonja, kwa muda mfupi, ladha ya ubwana. Aidoo hakulazimika kuliandika jambo hili. Riwaya ya ghadhabu pekee isingelihitaji. Ameliandika kwa sababu anajua kwamba mwenye kuhukumu bila kusema hana wa kumsahihisha. Siku ya safari Marija anafika stesheni na mfuko wa chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa mgeni amekuja, ameondoka, na mwenyeji hajapona.

Kutoka Barua Hadi Sauti

Huko London Sissie anawaona Waafrika wenzake wakiteseka kwa baridi na ufukara huku wakiandika nyumbani habari za mafanikio. Hapo anasema. Katika sehemu ya mwisho, ambayo ni barua ya mapenzi, anasimulia jinsi alivyobishana hadharani na wanafunzi wasiotaka kurejea makwao. Msomaji anaweza kuuliza: je, huyu ndiye msafiri mkimya? Jibu letu ni kwamba mabadiliko hayo ndiyo mwenendo wa riwaya. Sissie anawahutubia watu anaowahesabu kuwa ni wake, na anapata hasara kwa kufanya hivyo, kwani mwanamume anayempenda alitaka mwanamke mpole zaidi. Barua yenyewe inalalamikia lugha ya kigeni ambayo wapenzi hao wanalazimika kuitumia. Na barua hiyo, iliyoandikwa ndani ya ndege, haitumwi.

Kutotumwa kwa barua kungeweza kuonekana kama ushindi wa kimya. Lakini tazama kinachofuata. Ndege inapoikaribia Afrika, Sissie analitamkia bara lake maneno ya mapenzi yenye utani, kisha anajiuliza kama ameyasema kwa sauti. Abiria aliye kando yake pengine anamwona mwendawazimu. Sissie anaamua kwamba hajali. Alipokuwa akienda, ndani ya ndege, alilijua neno la kusema akalimeza ili asimwaibishe mtu. Akirudi, neno limemtoka bila ruhusa, na hajutii.

Hitimisho

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na uhakiki umeshughulika zaidi na mshindo wa riwaya hii. Tumejaribu kuonyesha kwamba kimya chenyewe kinastahili kusomwa. Kinampa Sissie uwezo wa kuona ndani ya mawe ya Bavaria kile ambacho vitabu vya watalii vimekipaka rangi. Kinamnyima uwezo wa kumwona mtu anayeishi chini ya mawe hayo leo. Mambo haya mawili hayatenganishwi katika riwaya, nasi hatuna haki ya kuyatenganisha katika darasa la fasihi kwa kuchukua shutuma na kumwacha Marija stesheni. Mwanafunzi wetu anayeisoma Ulaya kutoka mbali, kupitia vitabu, yuko katika hatari ile ile: kujua mengi juu ya kuta, na kutouliza lolote kwa waliomo ndani yake.