Nani Alisema Amani Haina Stori?

Mwaka jana nilimpa mpenzi wangu hadithi yangu asome. Mhusika anaacha chuo kwa kukosa karo, na siku hiyo hiyo anamfumania msichana wake na rafiki yake. Alipomaliza alinirudishia simu. "Lakini sisi hatukuachana," akasema. "Ulikuja kwangu, tukapika githeri."

Ni kweli. Nilipoacha chuo, yeye ndiye aliyeuliza kama nimelipa kodi ya nyumba. Kilichotugombanisha kilikuja baadaye: nilikopa pesa kwa simu nikamficha. Alininunia siku tatu. Kisha tukaketi chini na kalamu, tukaandika madeni yote moja moja. Mimi nikaona hiyo si stori. Nikaweka fumanizi.

Na si mimi pekee. Hadithi nyingi za vijana wenzangu ninazosoma zina mapenzi yanayoanza na mapenzi yanayovunjika. Hapo katikati, ambapo watu wanaishi, hakuna kitu. Jamaa akiwa na wivu hadi anakagua simu ya mwenzake, tunaambiwa ndiyo kupenda. Akiwa mpole, ni fala wa kuachwa tu.

Ndiyo maana nilirudia Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kitabu tulichokikariri kwa ajili ya KCSE hadi tukasahau kukisoma. Darasani ilikuwa ni uongozi mbaya, Mtemi Nasaba Bora, basi. Lakini mle ndani kuna Amani na Imani. Wanakutana safarini, kila mmoja na majeraha yake. Baadaye kitoto kinaachwa mlangoni pa Amani, na wawili hao wanakilea, si chao na hawana kitu. Wanakiita Uhuru. Kinapokufa, wote wawili wanatiwa ndani. Kwingine, Mtemi anamtelekeza Bi. Zuhura, naye Mwalimu Majisifu analewa huku mzigo wa nyumba ukimwelemea Dora. Walibora hahitaji kutueleza nani anajali. Anawapa mtoto wa kulea, sisi tunaona.

Lakini nina lawama. Amani na Imani ni wema mno, kama waliofungwa na majina yao. Adui zao karibu wote wako nje. Ningetaka usiku mmoja tu: mtoto analia, mmoja amechoka, neno baya linamtoka, na asubuhi anatafuta jinsi ya kuomba msamaha. Hapo ningewaamini kabisa.

Kwa sababu mapenzi yenye afya si yale yasiyo na ugomvi. Ni yale ambayo mtu anaweza kukosea, akasema ukweli, na asiogope kupigwa, kuaibishwa au kuachwa usiku huo huo. Na hilo lina mvutano wake. Kumwambia mtu unayempenda kiasi cha deni lako kunatetemesha kuliko fumanizi lolote. Tatizo ni kwamba sisi waandishi hatuvumilii kubaki chumbani hadi watu wamalize kuongea.

Nimeiandika upya ile hadithi. Fumanizi limetoka, deni, sufuria na ule ukimya vimeingia. Mhariri mmoja ameniambia haina moto. Sawa tu.

Yeye ameisoma pia. Ana lalamiko moja: ati hakuninunia siku tatu, zilikuwa mbili.