Mashua ya Peter

Jon Fosse aliposhinda Tuzo ya Nobeli mwaka 2023, sifa moja ilirudiwa hadi ikachosha: ati kijiji chake kinaweza kuwa popote. Mimi nabisha. Riwaya yake fupi *Morgon og kveld* ya mwaka 2000, niliyoisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Damion Searls, inasimama kwa sababu kijiji chake kina mahali pake.

Fosse alilelewa Strandebarm, kando ya Hardangerfjord, magharibi mwa Norwe. Fiodi ni hori refu la bahari lililobanwa na milima. Huko barabara nyingi hufika majini zikakatika; ng'ambo utaenda kwa feri, ama ubaki ulipo. Hata lugha anayoandikia, Nynorsk, ilijengwa na Ivar Aasen karne ya 19 kutokana na lahaja za vijijini. Kwa watu wa hapo kuvuka maji si fumbo la washairi. Ni njia ya kwenda dukani.

Sasa tazama hadithi. Johannes, mvuvi mzee na mgane, anaamka asubuhi mwili mwepesi, maumivu hayapo. Anakutana na Peter, rafiki ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakinyoana nywele. Shida ni kwamba Peter alishakufa. Wanatoka baharini, Johannes anatupa mshipi, ndoana inagoma kuzama. Kabla hajaambiwa kwamba amefariki, ndoana imeshatuambia, na mvuvi angeelewa kabla ya msomi. Mwishowe Peter anakuja kumchukua kwa mashua. Haji malaika, anakuja rafiki mwenye chombo.

Lakini nina kinyongo. Mashua hii ni ya wanaume. Kuzaliwa kwa Johannes tunakusikia kupitia masikio ya babake, Olai, anayesubiri nje ya chumba. Marta, mwenye uchungu, hapewi nafasi ya kusimulia. Signe, binti, anampita babake njiani bila kumwona, kisha ndiye anayebaki na maiti na mazishi. Kitabu kinachojua sana kuhusu kuondoka kinajua machache kuhusu anayeachwa gatini.

Hata hivyo kisome. Ni kifupi, jioni moja inatosha. Ila ukifika mwisho, usikimbilie kupanda na Peter. Geuka kwanza umtazame Signe.