Kuigiza Ukiwa Umelala

Watu wa Moshi hawaukodolei Mlima macho. Mtu anatoka nyumbani kwake Pasua au Majengo asubuhi, anatupa jicho kaskazini, anasema "leo umefunguka", kisha anashika njia yake ya kwenda Mbuyuni sokoni. Ikifika saa nne mawingu yamepanda, kilele cha Kibo hakionekani, na hakuna anayelalamika. Ndiyo maana mtazamaji wa huku akikaa mbele ya The Snows of Kilimanjaro, filamu ya mwaka 1952, kinachomgusa kwanza ni macho ya Gregory Peck. Anautazama mlima kama mdai aliyemkuta mdeni wake amekaa barazani.

Na mdai huyo hakufika huku kudai. Kampuni ya 20th Century-Fox ilituma wapiga picha Afrika Mashariki wakachukue nyika, wanyama na theluji yenyewe, lakini Peck, Susan Hayward na wenzao walifanya kazi yao studio, huko California. Kambi tunayoiona, na mti wake uliojaa tumbusi, ilijengwa chini ya paa, na anga lake ni pazia lililochorwa. Nasi tunaoishi kusini mwa Mlima tumezoea Kibo kiwe mkono wa kushoto na Mawenzi mkono wa kulia. Dunia kubwa imezoea picha za upande wa Amboseli, ambako vilele hivyo hubadilishana nafasi. Kwa hiyo tuna kila sababu ya kuinunia filamu hii. Mimi nimeinunia mara kadhaa, halafu nikarudi kuitazama tena kwa ajili ya mtu mmoja na kazi anayoifanya akiwa amelala chali.

Fikiria alichopewa. Harry Street ni mwandishi aliyepata jina na fedha, akapoteza kile alichotaka kuandika. Sasa yuko kwenye kitanda cha safari, mguu umeoza kwa donda ndugu lililoanza na kidonda kidogo, na anangoja ndege ambayo huenda isifike. Ernest Hemingway, aliyeandika hadithi hiyo na kuichapisha katika jarida la Esquire mwaka 1936, aliijua hali hiyo kwa karibu: Januari 1934 aliugua kuhara damu akiwa kwenye safari ya uwindaji Tanganyika, ikabidi ndege ndogo imchukue kwenda kutibiwa Nairobi. Katika filamu, kila Harry anapofumba macho tunapelekwa kwingine, Paris, Hispania, ufukwe wa kusini mwa Ufaransa, na huko Peck anacheza dansi, anawinda, anampenda Ava Gardner. Hizo ni sehemu rahisi. Mwigizaji mwenye sura ile na urefu ule hahitaji kufanya mengi akisimama karibu na Ava Gardner.

Kambini ndiko kwenye kazi. Hana miguu ya kutembelea, hana farasi, hana bunduki. Ana kichwa, shingo, mikono miwili na sauti. Mwigizaji wa bei rahisi angeugulia. Angekunja uso, angeshika paja, angehema kama mtu aliyepanda Mlima kutoka Marangu mpaka Mandara kwa pumzi moja. Peck anafanya kinyume: maumivu anayageuza kuwa ubaya wa mdomo. Mguu ukimuuma, anamtupia Helen, mkewe anayeigizwa na Hayward, neno la kejeli. Helen akionyesha huruma, anamtupia jingine, na safari hii analitupa polepole, ile sauti nzito ikishuka badala ya kupanda, hata unaona aibu kwa niaba ya mke. Yeyote aliyewahi kumuuguza baba mkali anaitambua tabia hiyo. Mgonjwa wa namna hiyo hasemi "naumwa". Anasema chai imepoa.

Halafu tazama anavyosikiliza. Watu wengi humsifu Peck kwa sauti yake, na ni haki, lakini sauti ni zawadi aliyozaliwa nayo. Kusikiliza alijifunza. Hayward anapozungumza, na Hayward ni mwigizaji wa moto anayejaza chumba, Peck hageuzi kichwa upesi. Anayaacha maneno yafike, yakae, ndipo macho yasogee. Nafasi hiyo ndogo kati ya neno na jicho ndiyo inayotuambia kuwa mtu huyu amechoka mpaka ndani.

Hakuyapata hayo kwa bahati. Alizaliwa La Jolla, California, mwaka 1916, mtoto wa mfamasia, akasoma Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambako alikuwa mpiga makasia. Kutoka hapo alikwenda New York, shule ya uigizaji ya Neighborhood Playhouse, akafundishwa na Sanford Meisner, mwalimu ambaye somo lake kubwa lilikuwa hilohilo: msikilize mwenzako kwanza. Masomo ya mwendo wa mwili yalikuwa chini ya Martha Graham, mcheza dansi mashuhuri, na katika darasa lake Peck aliumia mgongo. Jeraha hilo ndilo lililomzuia kuchukuliwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wenye studio baadaye walitangaza kwamba aliumia akipiga makasia, kwa kuwa dansi waliiona haimfai shujaa wa kiume. Kwangu mimi ukweli una faida zaidi. Mgongo ukiwa na dosari mtu hujifunza kutopoteza hata mwendo mmoja, na Peck kwenye kamera habebi mwendo wa ziada.

Aliyekiona kipaji hicho na kukitumia ni Henry King. Walifanya pamoja filamu sita, na tatu kati yake ukizitazama kwa mfululizo unaona mwongozaji akimnyang'anya mwigizaji wake nyenzo moja baada ya nyingine. Katika Twelve O'Clock High ya mwaka 1949, Peck ni Jenerali Savage, kamanda wa kikosi cha ndege za mabomu, mtu wa chuma anayewakemea vijana mpaka wanaruka vitani bila kutetemeka. Mwishoni ni yeye anayeshindwa. Ananyoosha mikono ajivute kuingia ndani ya ndege, mikono haimtii. Wanamkalisha kitini, na hapo anabaki bila neno hadi ndege zirudi. Hakuna kulia, hakuna hotuba. Kwa dakika zile nyota wa filamu ni mtu aliyekaa tu.

Mwaka uliofuata ukaja The Gunfighter. Wapenzi wa filamu za koboi walikwenda wakitegemea vumbi na mbio za farasi, wakakuta mtu mwenye masharubu mazito amekaa kwenye baa ya mji mdogo, akitazama saa ya ukutani, akingoja ruhusa ya kumwona mkewe na mtoto. Masharubu yale yaliwakera mno wakubwa wa Fox, ambao waliamini wanawake wangekosa sababu ya kununua tiketi. Jimmy Ringo ana jina la kuwa mwepesi kuliko wote kwa bastola, na kila kijana mjinga anataka kumjaribu. Mmoja anakuja mezani kwake kumchokoza. Ringo anamwambia kwa utulivu kwamba chini ya meza kuna bastola imemwelekea. Kijana anarudi nyuma, anaondoka. Ndipo tunaonyeshwa mkono ule: ulikuwa na kisu kidogo cha kusafishia kucha. Ukiitazama mara ya pili unatafuta Peck alipodanganya, na huoni. Bega halikukaza, sauti haikubadilika. Angeweka dalili ndogo tu ya ujanja, tukio lote lingekufa.

Kwa hiyo King alipomlaza chini ya Kibo cha kuchora mwaka 1952, alikuwa akimpa mtihani wa tatu, mgumu kuliko yote. Kwanza kiti, kisha kiti kingine, sasa kitanda.

Ili kuona ugumu huo vizuri, mlete John Wayne pembeni yake. Wayne alifika huku kweli. Kati ya mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alipiga filamu ya Hatari! Tanganyika, Momella chini ya Meru na maeneo mengine ya kaskazini. Hawks alitaka waigizaji wenyewe wakamate wanyama, na Wayne akafungwa kwenye kiti kilichowekwa mbele ya lori, mti wenye kitanzi mkononi, twiga na kifaru wakikimbia kando yake. Uzito wake mzima ulikuwa pale, na kamera ilichofanya ni kuufuata. Sidharau kabisa. Kutembea kwa Wayne ni ufundi, ule mwendo wa mtu mkubwa anayeweka mguu chini kama anapima ardhi, na si wengi wanaoweza kuingia mlangoni tu na filamu ikabadilika. Lakini mfunge Wayne kwenye kitanda cha safari kwa saa nzima uone kitabaki nini. Na mpe Peck lile lori: ungepata mtu mwenye adabu aliyekaa vizuri juu ya bampa.

Adabu hiyo, kusema kweli, ndiyo kasoro yake katika filamu hii. Harry wa Hemingway ana uozo wa roho ulioanza zamani kuliko wa mguu. Ni mwongo aliyekula fedha za wanawake na analijua hilo. Peck anapojitukana, humwamini sana. Unamwona mtu mwema katika siku mbaya. Aliwahi kuwa upande wa pili wa nyika ya Hemingway mwaka 1947, katika The Macomber Affair, akiwa mwindaji Wilson, mzungu mwenye bunduki na siri, na kule ukimya wake ulikuwa na ukali ambao hapa umelainika. Studio nayo ilizidi kulainisha. Harry wa kitabuni anakufa; wa filamuni Helen anampasua jipu kwa kufuata maelekezo, fisi anaondoka, ndege inakuja. Hemingway alichukizwa, na kwa kuwa walichanganya humo vipande vya vitabu vyake vingine, aliibatiza kwa dhihaka jina la Zanuck, mkubwa wa Fox, kana kwamba theluji ni zake. Sisi nasi tuna la kwetu la kuongeza: Molo, mtumishi wa kambi, yuko karibu na kitanda hicho saa zote na hapewi nafasi ya kuwa mtu.

Katika hadithi yote, chui peke yake ndiye wa huku kweli. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch, ambaye kreta ya Kibo ina jina lake, alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa juu, na mahali hapo pakaitwa kwa jina la chui. Hemingway alimweka mwanzoni mwa hadithi bila kumweleza. Filamu inamfanya kitendawili ambacho mjomba anamwachia Harry: chui alitafuta nini kule juu? Swali zito namna hiyo lina hatari ya kuigizwa kwa uso wa hekima. Peck anapolirudia kitandani analisema kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo, bila kulitilia mkazo, na hapo kwa mara ya kwanza nasahau pazia na rangi.

Miaka kumi baadaye, katika To Kill a Mockingbird, yale yote aliyojifunza bila miguu akayapeleka kwenye mwili uliosimama. Atticus Finch, wakili wa mji mdogo wa kusini mwa Marekani, anamtetea Mweusi aliyesingiziwa kubaka. Kuna mbwa mwenye kichaa barabarani. Atticus anapewa bunduki, miwani inamteleza, anaisogeza, inateleza tena, anaivua na kuiacha ianguke chini, kisha analenga. Watoto wake hawakujua kwamba baba ana shabaha. Sisi tumeijua kutokana na ile miwani. Mwandishi wa kitabu, Harper Lee, alimpa Peck saa ya mfukoni ya marehemu baba yake, na ilikuwa naye usiku wa Aprili 1963 alipopokea Oscar, baada ya kuikosa mara nne. Brock Peters, aliyeigiza mshtakiwa Tom Robinson, ndiye aliyesimama kumsifu Peck kwenye mazishi yake mwaka 2003. Waigizaji wawili waliotazamana mahakamani kwa namna ile, mmoja akizungumza na mwingine akisikiliza, walikuwa wamebaki marafiki kwa miaka arobaini.

The Snows of Kilimanjaro inapatikana bure mtandaoni, kwa sababu hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa muda ulipokwisha. Nakala nyingi zina rangi zilizopauka, kwa hiyo tafuta iliyo safi. Anayetaka kuuona ufundi ninaousema anaweza kuruka Paris na mapigano ya mafahali, akatazama sehemu za kambini peke yake, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili akiwa ameizima. Katika mara hiyo ya pili, asimtazame anayezungumza.