Fikra Zikipewa Mwili

Tarehe 1 Julai 1858, jijini London, maandishi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace kuhusu jinsi viumbe wanavyogeuka kizazi hadi kizazi yalisomwa mbele ya wanasayansi, wenyewe wote wawili wakiwa hawapo ukumbini. Tarehe 3 Agosti ya mwaka uleule, John Hanning Speke, akitokea Kazeh pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, alilitazama ziwa letu kutoka vilima vya Mwanza. Mwaka uliofuata, 1859, kitabu cha Darwin kikatoka, na insha ya John Stuart Mill kuhusu uhuru wa mtu binafsi nayo ikatoka. Sisi wa Magu tunaishi kando ya maji ambayo ramani bado zinayaita Ghuba ya Speke, kwa hiyo sioni kwamba mambo hayo matatu ni ya mbali. Viwanda vya Uingereza vilivyokuwa vikimeza pamba ya dunia nzima vilikuja kuihitaji na ya Usukuma, na fikra za zama za viwanda zilitufikia kwa njia hiyohiyo ya mashua, misheni na shule.

Zilifika zikiwa na makali. Speke mwenyewe, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wa falme za maziwa walikuwa watu wa asili nyingine, walioshuka kutoka pande za Ethiopia, kana kwamba mtu mweusi wa hapa asingeweza kujijengea dola. Herbert Spencer naye mwaka 1864 akaipa elimu ya viumbe kauli ambayo kwetu ingetoshelezwa na msemo wa mwenye nguvu mpishe. Fikra kama hizi zikibaki kwenye kurasa za nadharia hazimwoni mtu. Zinaona aina, tabaka, kizazi. Ilibidi fundi wa namna nyingine aje kuuliza: huyo mnayesema ni dhaifu anaitwa nani? Baba yake alimlea vipi? Nani alimfungia mlango, na usiku gani?

Fundi huyo ni mtunzi wa riwaya, na ufundi wake ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Thomas Hardy alikuwa miongoni mwa waombolezaji kwenye mazishi ya Darwin mwaka 1882, na alikuwa msomaji mkubwa wa Mill tangu ujana. Alipoandika Tess mwaka 1891 na Jude mwaka 1895, hakuandika maelezo ya Darwin wala ya Mill. Alimchukua binti wa kijijini na kijana fundi mawe, akawaweka kati ya silika za mwili, tamaa ya kuishi watakavyo na macho ya majirani, kisha akawaacha waende. Kelele zilizozuka juu ya Jude zilikuwa kubwa mno, na Hardy hakuandika riwaya nyingine. Alibaki na ushairi hadi kifo chake mwaka 1928.

Ng'ambo ya ghuba yetu, kwenye kisiwa cha Ukerewe, kijijini Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Alisomeshwa na mapadri, akapita seminari ya Nyegezi, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hajafikisha hata miaka thelathini, mwaka 1971, akatoa kitabu chake Rosa Mistika. Nacho kilizua kelele, kikazuiwa shuleni, na baada ya miaka kikarudi kikiwa kitabu cha kusomwa na wanafunzi haohao waliokuwa wakikingwa nacho.

Kabla yake, riwaya ya Kiswahili ilizoea kuutetea uhuru kwa ulimi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, Karama anasimama barazani akiwa mshitakiwa na kuijibu dola kwa hoja, moja baada ya nyingine, naye ni mtu na sifa kwa wakati mmoja. Nakipenda kitabu hicho, na Kezilahabi alikiheshimu. Tasnifu yake ya uzamili ilihusu kazi za Shaaban Robert. Lakini Rosa hana baraza la kujitetea. Ana nyumba ya baba mlevi, Zakaria, ana mama anayebeba kila kitu, ana wadogo zake wanaomtazama. Zakaria anapogundua kwamba mvulana amemwandikia binti yake barua, jibu lake ni kipigo. Fikra nzima ya uhuru wa mtu imekunjwa ndani ya karatasi moja, na mila nzima imo katika mkono unaopiga.

Tazama jinsi fundi anavyofanya kazi hapo. Zakaria hakuumbwa awe shetani. Baba gani wa kando ya ziwa hili asiyehofia mabinti zake? Hofu yake tunaijua, tumeisikia majumbani kwetu, na kwa kurasa kadhaa msomaji wa makamo anaweza hata kuwa upande wake. Ndipo riwaya inapoonyesha gharama. Binti aliyelelewa kwa kufungiwa anatoka kwenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko anakutana na wanaume bila kuwa amewahi kujifunza kusema ndiyo au hapana kwa akili yake mwenyewe. Uhuru anaoupata haukupitia mikononi mwa mtu yeyote aliyempenda. Msimulizi hutoa neno lake hapa na pale, tena wakati mwingine neno kali, ila uzito wa kesi umebebwa na mpangilio wa matukio, siyo na mahubiri.

Kwangu mimi, kilele cha ufundi huo ni Charles, si Zakaria. Charles ni kijana aliyesoma, mtu wa zama mpya, mwandishi wa barua ileile ya zamani. Angetarajiwa awe ameiacha dunia ya baba yake Rosa. Hata hivyo, saa ya kuoa inapofika, anampima Rosa kwa ubikira, na Rosa, ambaye wakati huo ameshajirekebisha, anakataliwa kwa sababu ya jana yake. Anajiua. Mila iliyokuwa fimbo mkononi mwa mzee mlevi imegeuka kuwa sharti la heshima midomoni mwa kijana msomi. Imebadilika umbo, ikaendelea kuishi.

Hapo ndipo wazo la Darwin linapokutana na wazo la Mill katika riwaya ya Kiswahili. Ziwa hili lina furu, samaki wadogo ambao wavuvi walikuwa wakiwatupa kando kwa kuwatafuta sato. Wanasayansi wanasema ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena, jamaa hiyo ya samaki imejigawa ikawa aina zaidi ya 500, wa miambani, wa matopeni, wa kina kirefu, mmoja wao akapewa jina la Mwalimu Nyerere. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na hawakukaa muda mrefu kabla ya kuwaona wengi wakitoweka mbele ya sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mila inaishi kama furu: panapobadilika maji, inajitafutia rangi nyingine. Mwanafalsafa huipinga mila kana kwamba ina sura moja. Mtunzi hodari huifuatilia inapohama mwili, kutoka kwa baba hadi kwa mchumba, kutoka kijijini hadi chuoni. Sidhani ni bahati tu kwamba Kezilahabi aliiita riwaya yake ya 1979, inayohusu vijiji vya ujamaa, Gamba la Nyoka.

Wala hakuufanya uhuru kuwa dawa. Kazimoto wa Kichwamaji, ya mwaka 1974, amesoma hadi chuo kikuu, ana mashaka juu ya Mungu, na anajisimulia mwenyewe, kwa hiyo tumefungwa ndani ya kichwa chake. Dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, Mkuu wa Wilaya na rafiki wa zamani. Kazimoto anataka kulipiza kupitia Sabina, dada yake Manase, na anaishia kumwoa. Wasomi wawili wanaojiona huru wanapigana kwa miili ya madada zao, na maradhi yanapita kutoka mwili hadi mwili mpaka kwa mtoto. Kazimoto naye anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975, Tumaini anaishia kumuua kiongozi wa serikali kwa kutetea mali yake dhidi ya ujamaa. Mwandishi huyu aliijaribu hoja ya Mill mara kwa mara, katika mazingira tofauti, na kila mara aliandika kwa uaminifu kilichotokea, hata kilipomuumiza msomaji. Baadaye sana, katika Nagona ya 1990, wanafikra wa Ulaya wenyewe wanaingizwa ndani ya hadithi, wakaulizwe maswali katika nchi ya watu wengine.

Kisiwa hichohicho cha Ukerewe kilitoa jibu jingine, tena la mapema zaidi. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wahusika wake hawajawahi kumsikia Mill. Bugonoka hajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanamchukua kurudi nyumbani. Watu wanatarajia Myombekere aoe mwingine. Yeye anafunga safari kwenda ukweni, anajishusha, anakubali kulipa faini ya pombe ya ndizi, anafuata kila hatua ambayo desturi inamdai, na kwa kuifuata desturi hiyo kikamilifu anampata tena mwanamke aliyemchagua. Kitereza hana haraka. Anatueleza pombe inavyotengenezwa, salamu zinavyotolewa, njia inavyopita, mpaka tunaamini kwamba ndani ya mila kuna milango, na mwenye upendo na subira anaijua. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata akafariki.

Mtu akisoma Kitereza na Kezilahabi kwa pamoja, anapata kitu ambacho nadharia peke yake haikumpa: mila inayomlinda Bugonoka na mila inayomuua Rosa zimekaa umbali wa vijiji vichache tu.

Nawaza hayo kwa sababu Magu haijaishiwa na malighafi. Vijana wa Kisukuma wana chagulaga, ambapo kundi la wavulana humfuata msichana na kumtaka achague mmoja. Wapo wanaosema hiyo ni heshima, kwa kuwa msichana ndiye mwenye kauli. Wapo wanaouliza ni kauli gani anayokuwa nayo mtu aliyezungukwa njiani. Makala ya gazeti italazimika kuchagua upande. Riwaya inaweza kutembea na msichana huyo hatua kwa hatua, kutoka kwenye ngoma hadi nyumbani, ikatuonyesha dakika ambayo uchaguzi ulikuwa wake na dakika ambayo haukuwa wake tena.

Kuna na jambo zito zaidi. Usukuma, Magu ikiwamo, umeona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, kosa lao likiwa macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa miaka mingi ya kupikia kwa kuni na samadi. Sheria inasema ni mauaji, na ni mauaji. Lakini atakayeiandika habari hiyo kwa ufundi wa Kezilahabi itabidi aanzie jikoni, kwenye moshi wenyewe, na mikono ya mama huyo ikigeuza ugali wa watu wa nyumba nzima. Itabidi aandike na shamba linalogombaniwa, na mganga aliyelipwa kutaja jina. Na itabidi amwandike yule mtoto wa kiume aliyeketi kikaoni, aliyesoma shule, anayejua kabisa kwamba mama yake si mchawi, naye akanyamaza. Amwandike kwa ukaribu ule aliopewa Charles, bila kumfanya mnyama, mpaka msomaji aione hofu yake na kuitambua.