Alama ya X Mkononi

Nilipokwenda Marekani kumtembelea dada yangu anayeishi Maryland, aliniomba jambo moja: niende nikaone mahali mwanawe anapopiga ngoma usiku. Kijana ana miaka 19. Alijifunzia ngoma kwenye ibada ya Kiswahili wanakosali, lakini siku hizi anapiga katika bendi ya muziki wa panki, na mama yake alikuwa ameshaamua kwamba mtoto amepotea. “Kaka, wewe utaelewa,” aliniambia. Alimaanisha kwamba naujua ulevi. Washarika wenzangu mnaujua pia ulevi wangu. Huu ni mwaka wa 11 sijagusa pombe.

Klabu yenyewe iko Washington. Ni chumba cha chini ya ardhi, hakizidi darasa la shule ya msingi, na kuta zimebandikwa matangazo hata rangi haionekani. Mlangoni walikagua vitambulisho. Sheria ya huko hairuhusu aliye chini ya miaka 21 kuuziwa pombe, kwa hiyo kila kijana wa umri huo alichorwa X kubwa nyeusi nyuma ya kiganja. Nilidhani ni aibu kwake. Mpwa wangu alinyoosha mikono yote miwili kama anayevishwa pete.

Alama hiyo ina historia. Mwaka 1980 vijana wa Washington waliojiita Teen Idles walisafiri hadi San Francisco kupiga muziki Mabuhay Gardens, mgahawa wa Kifilipino uliogeuka kuwa klabu. Walikuwa wadogo mno kwa mahali panapouzwa pombe. Badala ya kufukuzwa, walichorwa X mikononi ili wauzaji wajue wasiwahudumie. Waliporudi kwao wakaziomba klabu za huko zifanye vivyo hivyo, watoto nao waingie kusikiliza. Bendi hiyo ilipovunjika, wawili wao, Ian MacKaye na Jeff Nelson, waliunda Minor Threat, na mwaka 1981 wakatoa wimbo “Straight Edge”, ambao haufiki hata dakika moja. Ndani yake kijana anasema kwa nini hana haja ya kulewa. Basi alama ya kukatazwa ikawa alama ya kukataa. Sisi tumehubiri juu ya pombe miaka mingapi, na ni kijana gani ametuomba tumchore?

Bendi ya kwanza sikuipenda, na si kwa sababu ya kelele. Mwimbaji aliwakasirikia wote ambao hawakuwepo: serikali, matajiri, wazee. Kuhusu yeye mwenyewe hakusema neno. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo.

Kisha wakapanda kina mpwa wangu. Nyimbo zao zilikuwa fupi, zilianza kwa kishindo na kukatika kabla hujajua umesikia nini. Gitaa lilikuwa juu mno, besi sikuisikia kabisa. Ngoma ndizo zilizoushika mwendo, na nilizitambua: mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unapiga kama wa kwenye kwaya. Mbele ya jukwaa vijana walirukiana na kugongana hadi nikataka kumtafuta mgambo. Halafu mmoja akaanguka. Mikono minne au mitano ilimnyanyua mara moja, na wimbo ukaendelea.

Kabla ya wimbo wa mwisho, mwimbaji wao, binti mwembamba mwenye miwani, alisema unahusu baba anayerudi nyumbani usiku na watoto wanaojifanya wamelala. Akaimba. Sikuyapata maneno, ila neno “baba” alilolirudia mpaka sauti ikakauka. Hapakuwa na ubeti wa kupatana wala wa kushukuru. Wimbo ulikatika tu.

Mimi ndiye niliyekuwa baba huyo. Nilisimama karibu na spika, nikashindwa kutoka.

Zaburi ya 88 nayo inamalizikia gizani, na hata hivyo imo katika Biblia. Lakini nyimbo za kwaya zetu, na mimi nimeimba besi miaka mingi, lazima zishinde kufikia ubeti wa tatu. Mtoto ambaye nyumbani kwake bado hapajashinda anaimba wimbo wa nani? Wangu watatu walikaa benchi la mbele kila Jumapili wakiimba ushindi ambao hawakuuona. Kwa kipimo hicho, wimbo wa yule binti ulikuwa wa kweli kuliko nyingi tunazopigia makofi.

Kasoro niliiona wakati wa kutoka. Kijana mwenye X mbili alimcheka mzee aliyeshika chupa ya bia, na wenzake wakacheka pia. MacKaye amesema aliandika juu ya maisha yake tu, hakukusudia kuanzisha chama, lakini katika miaka ya 1990 huko Salt Lake City baadhi ya wenye alama hii waliwapiga watu kwa kosa la kunywa au kuvuta sigara, hadi polisi wakawahesabu kama genge. Yule Farisayo wa Luka 18 naye hakuwa mlevi.

Nilimwambia mpwa wangu kuhusu kile kicheko. Akajibu, “Mjomba, nimekiona.”

Dada alikuwa macho, chai mezani. Aliuliza kama watu walikunywa, nikamwambia baadhi yao. Aliuliza wanaimba nini. Nikamweleza wimbo wa yule binti, wote, kadiri nilivyoweza. Alizungusha kikombe chake kwa muda, kisha akamuuliza mwanawe wanapiga tena lini.